Walikuwa Wameshapatana

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ritha kaenda. Jana saa nne asubuhi, mgongoni kwa bibi yake, kwenye Noah ya Kiomboi. Mama mkwe alisema mtoto haachi ziwa huku analinusa. Akae kijijini wiki mbili, akirudi ameshasahau. Wengi huku ndivyo wanavyofanya. Afadhali hivyo kuliko kujipaka shubiri, sikutaka anikimbie kwa uchungu. Mwaka mmoja na miezi kumi. Alinipungia mkono akidhani nakuja nyuma.

Saa kumi nimeenda tuisheni mikono mitupu. Sikujua niiweke wapi. Mwalimu Asnath kafurahi, maana Ritha alikuwa ananifungua blauzi katikati ya somo, darasa zima linaangalia ukuta. Mtihani ni Novemba. Kidato cha nne nilipata F ya Kiingereza. Safari hii hapana.

Somo la leo: mambo mawili yaliyopita, moja limemtangulia mwenzake. Kitabuni wanaandika "She had left," yaani alikuwa ameshaondoka. Mtu akiwa anaongea hasemi hivyo, anameza: "She'd left." Had yote imebaki d, tena ya kugusa ulimi tu. Mwalimu katusikilizisha kwenye simu mara sita. Sikuisikia hata mara moja.

Deo wa bodaboda, tunayesoma naye, akasema kumbe Waingereza nao wana haraka, wanashusha abiria njiani. Tulicheka sana. Nikarudi nyumbani, nikafungua mlango, nikaita Ritha. Mazoea.

Jumanne, 5 Agosti

Maziwa yamejaa, kifua kama mawe. Nimejifunga kanga kwa nguvu. Mume wangu Kefa hapatikani — yuko Rungwa kwenye mizinga yake ya nyuki, mtandao mpaka apande kilima.

Sentensi kumi za nyumbani, nimeandika tano. "When I woke up, she'd gone." Kitabuni ilikuwa he. Nimebadilisha mwenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeisikia!

Asubuhi pale hotelini ninapopika chai ya madereva. Wazungu wawili wa baiskeli, wanatoka Mwanza. Mmoja akatikisa chupa tupu, akamwambia mwenzake: "I thought you'd filled it." Ikapita — d ndogo kama punje ya uwele. Mwalimu alituonya kwamba d hiyo hiyo inaweza kuwa would, tuangalie kitenzi kinachofuata. Nikaangalia. Filled, siyo fill. Kwa hiyo alidhani mwenzake alikuwa ameshajaza. Nikaichukua chupa nikawajazia maji kabla hawajaomba. Wakatazamana.

Nilitaka kumwambia mtu. Madereva walikuwa wanakula. Utamwambia nani kwamba umesikia d?

Jioni mwalimu kaongeza: ukiongea, meza bila woga, ila barua ya kikazi andika had nzima. Na ukikanusha, sema hadn't, ile "si" usiimeze. Hapana lazima isikike, kasema. Nimeipenda hiyo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimempigia mama mkwe baada ya ibada. Nikamwamkia, nikauliza mtoto. Anakula vizuri, anakimbiza vifaranga, hajalia hata siku moja. Nikasema tunamshukuru Mungu. Nikakata simu, nikageuza ndoo nikakalia, nikalia mimi.

Nikampigia tena, nikaomba nimsikie sauti tu. Kakataa, eti nitamkumbusha. Halafu akasema, kama mtu anayesimulia habari za mavuno, kwamba ingefaa mtoto abaki kwake mpaka aanze shule.

Saa kumi na moja Kefa kapiga kutoka kilimani. Nikamuuliza mama yake ana maana gani. Akasema sasa mimi nashangaa nini, yeye na mama walishapatana tangu Pasaka. Eti nitasoma kwa nafasi. Nitapumzika.

"Na mimi mliniambia lini?"

Akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Tangu Pasaka. Kwa hiyo nilipokuwa namfulia sweta, nilipokuwa nafunga kile kibegi chekundu, nilipomwambia mwanangu ni wiki mbili tu — jambo lilikuwa limeshakwisha. Mimi mama yake ndiye niliyefika mwisho.

Nimeandika sentensi ya sita. "When I packed her bag, they'd already decided." Haina kosa. Siipeleki kwa mwalimu.

Jumanne, 12 Agosti

Naandika nikiwa uani kwa mama mkwe, nyuma ya daftari la Kiingereza, nimesimama. Noah inarudi kwetu Shelui saa tisa.

Nimefika saa saba. Shikamoo, marahaba, habari za huko, habari za njia. Ritha alikuwa mlangoni. Kanenepa. Akaniangalia. Nikapiga magoti nikafungua mikono. Akaingia ndani — nikajua kanikimbia. Kumbe katoka anakokota kigoda, kinamshinda, akakileta mpaka mbele yangu. Ndivyo bibi alivyomfundisha kumpokea mgeni. Akakipigapiga kwa kiganja.

"Kaa."

Hilo neno hakuwa nalo alipoondoka kwangu.

Mama mkwe akacheka, furaha tupu, akasema ona adabu hiyo, haya kaa basi.

Sikukaa. "Mama, nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Akasema wiki mbili hazijaisha. Nikasema najua. Akasema nitamrudisha kwenye ziwa. Nikasema simrudishi, maziwa yameshakauka — uongo, kanga imelowa. Akasema Kefa ameshasema. Nikasema mimi Kefa hakuniuliza, na mtoto hakai. Sikupandisha sauti. Ila hapana yangu ilisikika yote.

Akafuta viganja kwenye kanga yake, muda mrefu, na havikuwa na kitu. Halafu akaniambia kwa Kinyiramba, "Na mimi nibaki na nani, Lea?"

Siku zote ananiita Mama Ritha.

Najua nyumba inavyokuwa mlango ukishafungwa, nimekaa nayo siku tisa. Yeye amekaa nayo tangu mwanawe wa mwisho aolewe.

Kaingia ndani, kasema analeta kibegi. Ni kitambo sasa. Kutoka hapa namwona kakaa ukingoni mwa kitanda, kibegi kiko mapajani. Hakifungi, hakifungui.

Honi barabarani.

Ritha kachoka kunisubiri, kakalia kigoda mwenyewe. Nimemwambia njoo, twende nyumbani. Ananiangalia mimi. Anaangalia mlango wa bibi yake.

Honi ya pili. Hajasogea upande wowote. Wala mimi sijakaa.