Minza Alipokwenda Harusini

Mwangaluka, mjukuu wangu Limi. Huku Dutwa hatujambo. Mvua imenyesha, na mjomba wako amepata mtoto wa kike.

Umeuliza kikundi chenu kianzie wapi kuwasaidia akina mama wenye watoto walemavu. Nimemkumbuka Kabula, kiongozi wa kikundi chetu cha kanisani, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja huku. Tulikuwa tukimpelekea jirani yetu Minza unga na sabuni, maana mwanawe Shija hakuweza kukaa wala kutafuna. Siku moja Kabula akamuuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Minza akasema, "Mdogo wangu anaolewa kule Sapiwi. Lakini Shija hupaliwa akila. Nimwachie nani?"

"Nifundishe kumlisha," Kabula akasema.

Wiki nzima alikwenda kujifunza, uji kidogo kidogo, kichwa cha mtoto mkononi mwake. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Minza akaenda. Kesho yake aliporudi alimkuta Shija ameshiba, amelala. Akataka kushukuru, sauti haikutoka. Ilikuwa imemkauka kwa kuimba harusini. Tukacheka sote, naye Minza akacheka bila sauti, machozi yakimtoka.

Wasalimie wenzako.

Bibi yako, Nkamba