Nilichokulisha, Mwanaidi

Mwanaidi, shoga yangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Mwalimu Haule alitufundisha kwamba anayeandika barua huanza kwa kusema yeye ni mzima, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali. Nikaandika hivyo. Nikasoma nilichoandika. Nikachana karatasi. Sasa naanza tu, kama nilivyokuwaga nabisha hodi chumbani kwako huku nishaingia.

Una miezi miwili na zaidi tangu uondoke. Chumbani kwako sasa anakaa mama yako, Bi Hadija, pamoja na binti yako Amina. Mumeo Shabani akirudi kiwandani anakaa barazani, kofia mapajani, na watu wakipita anaitikia salamu bila kuinua uso. Ile kamba ya nguo tuliyokuwa tunagombania, siku hizi nina nafasi yote ya kuanikia. Naanika upande wangu tu. Upande wako siugusi.

Nina neno la kukuambia, Mwanaidi. Nilipaswa kukuambia ukiwa unanisikia.

Unaikumbuka ile siku Baba Tadei alirudi kutoka bandarini na nyama ya kopo? Baharia mmoja wa kigeni alimpa kwa kumsaidia kubeba mzigo. Kopo bapa, na ufunguo wake wa kufungulia umebandikwa ubavuni. Nilikata vipande vyembamba nikavikaanga na kitunguu, uani pale, na harufu ikakutoa chumbani na sahani yako ya wali. "Vero, leo kwenu sikukuu ya nani?" Nikakukaribisha. Ukauliza kama ulivyouliza kila mara ukila kwangu, na mie sikuwahi kukuona unaudhi kwa hilo: "Nyama gani?" Nikajibu bila kufikiri, "Ya ng'ombe." Kwani nyama ya kopo tuliyoijua mjini hapa ilikuwa nyingine? Ukasema bismillah, ukala. Ukala vipande vitatu. "Haina mfupa, haina mshipa," ulisema, "utadhani mtu kakutafunia kwanza." Tukacheka mpaka mwenye nyumba akachungulia.

Siku hiyo sikukudanganya. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Nilisema nilichokidhani.

Kopo nililiosha nikaliweka liwe kipimo changu cha maharage. Mwaka uliofuata balozi wa nyumba kumi akapita kuandika majina ya wasiojua kusoma, na sie wawili tukawa wa kwanza, wewe ukicheka, mie nikiona aibu. Tulikaa dawati moja pale ofisi ya tawi, magoti yakigonga ubao. Mwandiko wako ulikuwa mzuri. Herufi zangu zililala ovyo kama watu waliochoka. Lakini kusoma nilikushinda, ukubali. Tukawa tunasoma kila kitu: kibiriti, sabuni, gazeti lililofungia karanga. Njia nzima kutoka darasani Tandika mpaka nyumbani tulikuwa tunasoma mabango kwa sauti, watu wanatugeukia.

Ndiyo sababu nikalisoma lile kopo. Nilikuwa napima kunde, kidole gumba kikawa juu ya maandishi, nikaanza kuyatamka. Nikayatamka yote na hakuna nililolielewa. Lilikuwemo neno moja fupi lililorudiwa mara mbili. Nikalinakili kwenye daftari, P, O, R, K, nikaenda nalo darasani. Wewe hukuja siku hiyo. Mimba ilikuwa changa na imekulaza. Nikamwonyesha mwalimu. Akasema, "Hicho Kiingereza, Mama Tadei. Ni nyama ya nguruwe." Akageuka ubaoni akaendelea na somo.

Sikumbuki alifundisha nini. Kwangu mie Mkristo nguruwe si kitu, kwetu Masasi tunafuga. Lakini nilikuwa nawaza vile vipande vitatu, na bismillah yako, na mie nimekaa mbele yako nasema ng'ombe.

Niliporudi nililitupa kopo chooni. Ukaniita toka ndani, sauti ya mgonjwa, "Vero, leo mmesoma nini?" Nikasema, "Herufi kubwa."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwako.

Nilijiambia nitakuambia ukipata nguvu. Ulikuwa unatapika mpaka maji. Nikimwambia leo, nilisema moyoni, atatapika na roho. Acha ajifungue. Ndivyo nilivyojidanganya, na uongo wa namna ile unakaa vizuri mtu akiwa na sababu nzuri ya kuushika.

Halafu wiki haikuisha ukaanza. Kutapika kulipungua, hamu ikaja, na katika vyakula vyote vya dunia hii ukataka kile. "Vero, huyu mtoto anataka ile nyama ya kopo." Nikasema hamna. "Mwambie Baba Tadei aulize bandarini." Nikaogopa, Mwanaidi. Nilimjua mume wangu, angeuliza kweli, na angepata. Nikasema kwa haraka, "Usisumbuke na ya kopo. Nitakutengenezea mie mwenyewe, nzuri kuliko ile." Ukaniangalia kama mtu aliyesikia kuku anaongea. Nyama yenyewe ya kawaida ilikuwa ya kupanga foleni buchani na kurudi na mifupa. Nitaitengeneza na nini?

Nikakumbuka yule nesi wa kliniki aliyekuwa anatuhimiza akina mama tule maharage badala ya nyama. Nikaanza na maharage mekundu. Nikayachemsha, nikayatwanga, nikachanganya na unga wa muhogo na kitunguu, nikakata vipande. Vilipoingia kwenye mafuta vikatawanyika vyote. Ukachukua kijiko ukachota ule uji, ukaonja, ukasema, "Vero, bajia yako imezimia." Mara ya pili nikatumia soya tuliyopewa kliniki. Sikujua kuiloweka wala kuitoa maganda, ikanuka kama nyasi mbichi, chungu, hata kuku wa mwenye nyumba walizunguka mbali. Amina alitema akakimbia. Wewe ulimeza kwa heshima yangu, machozi yakikutoka, halafu tukamwaga yote.

Ya tatu ndiyo iliyokubali. Kunde, si maharage. Niliziloweka kutwa, tukamenya maganda wote wawili, mguu wako umeukunjua kwa sababu ya uvimbe. Karanga kidogo za kukaanga, zikatwangwa mpaka zitoe mafuta yake. Tui zito la nazi. Unga wa muhogo wa kushika. Kitunguu saumu, pilipili manga, mdalasini kidogo sana. Na mbegu za mzingefuri, zile nyekundu za kutia rangi, nilizopewa na jirani, maana ulisema bila wekundu macho yako hayatakubali. Nikashindilia kwenye kopo la maziwa ya unga lililopakwa mafuta, nikafunika kwa jani la mgomba, nikapika kwa mvuke mpaka mkaa ukaisha. Tukaacha ipoe. Nilipogeuza kopo nikaligonga chini, ikatoka nzima, nyekundu, inang'aa, imesimama juu ya sahani kama imekuja kwa miguu yake. Amina akapiga makofi.

Nilikaanga. Ukala. Ukatafuna taratibu, unaangalia juu. "Hii siyo ile," ulisema. Nikashusha mwiko. "Lakini usiache kuipika."

Basi kila wiki nikawa napika. Nilikuwa naona kila kipande unachokula kinafuta kimoja cha mwanzo. Kwa hesabu vile vitatu vilifutika zamani, nikaendelea kufuta, na bado havikufutika.

Mara moja nilikaribia. Tulikuwa tunachambua kunde, alasiri, wewe ukawa unanihadithia kwamba hata Mwezi Mtukufu, njaa ikikubana mchana, ulikuwa unaikumbuka ile ya kopo, ukawa unaomba toba kwa kuwaza chakula. Nikafungua mdomo. Nilishasema "Mwanaidi, ile nyama." Ukanishika mkono ukauweka tumboni, "Ngoja, ngoja, kapiga teke, sikia." Nikasikia. Nikafunga mdomo. Ukasahau kuuliza nilitaka kusema nini, nami nikashukuru kwamba umesahau.

Ile Jumamosi uchungu ulikushika asubuhi, nyama yetu ya kunde nimeshaitoa kwenye kopo, bado ya moto. Shabani alikwenda kutafuta gari. Ulikuwa umeshika nguzo ya uani, unapumua kwa mdomo, na katikati ya uchungu ukaniangalia ukasema, "Nibakizie vipande viwili." Ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Nilikubakizia. Nilivifunika kwa sahani, nikakaa na Amina, tukiimba alfabeti.

Shabani alirudi kutoka hospitali peke yake. Mtoto hakulia, alisema. Halafu akasema damu haikukata. Mie nikadhani hajamaliza, nikawa nangojea amalize.

Mlizikwa pamoja, wewe na mwanao. Sikufika makaburini, wanawake tulibaki na mama yako. Uani niliosha sufuria za watu mia. Siku ya tatu nikafunua ile sahani. Sisimizi walikuwa wamekwisha kufika.

Baada ya arobaini nilishindwa. Mama yako alikuwa amekaa mkekani anashona gauni la Amina. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia hapa. Hakunikatiza. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Nikasema, nilipojua kusoma.

"Na yeye alikuwa hai."

Nikasema ndiyo, mama.

"Aliyekula bila kujua hana kosa kwa Mungu," alisema. "Hilo silo linaloniuma. Lakini ulikaa naye kila siku, Mama Tadei. Ulikuwa unamtazama usoni." Akainuka, akaingia ndani, akateremsha pazia.

Kesho yake alihamishia jiko lake upande wa pili wa ua. Nikimwamkia shikamoo anaitika marahaba, kwa sababu ni mtu mzima na hana tabia ya kumnyima mtu salamu, lakini inaishia hapo. Amina akawa haji kwangu. Nilikuwa namwona tu akipita, shingo imekuwa nyembamba, gauni lile jipya linamning'inia. Sikulalamika. Nilikuwa nimelala na neno langu miezi yote ile, acha na wenzangu walale nalo.

Majuma matatu yalipita. Jumatatu hii nilikuwa nafua, nikaona kivuli. Mama yako amesimama na ungo wa kunde. Hakunisalimia. Akasema, "Mtoto hali. Uji hataki, samaki hataki. Anasema anataka nyama ya Mama Tadei." Nikafuta povu mikononi. Akasema tena, "Sijakusamehe. Nisikudanganye. Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Nifundishe niipike mwenyewe."

Tulimenya kunde bila maneno. Lakini kila nilichotaka kukitia kinuni alinishika mkono, akakinusa, akauliza, "Hii nini?" Nikamwambia, karanga. "Na hii?" Unga wa muhogo, mama. "Na hii nyekundu?" Mzingefuri. Nilitaja kila kitu mpaka chumvi, mpaka maji niliyachota bomba gani. Sikuona haya. Nilitamani aendelee kuuliza. Tulitwanga kwa kupokezana, mchi wake, mchi wangu, naye ana nguvu yule bibi, mie nilichoka kabla yake.

Amina alikula vipande vinne. Mama yako alimwangalia akila mpaka mwisho, kisha akamimina chai vikombe viwili, kimoja akakisukuma upande wangu. Tukanywa. Sijui kama siku moja atanisamehe, na sitamuuliza.

Linaloniuma, Mwanaidi, si adhabu. Sijui wewe ungesema nini. Pengine ungetapika. Pengine ungenitukana matusi yako yale ya Kilwa, ukahama dawati, ukaninunia mwezi mzima halafu ukanijia na sahani ya wali. Pengine usingerudi tena kamwe. Ilikuwa haki yako kuchagua, na mie nilikunyima nafasi ya kunikasirikia. Nilikutunza kama mtoto, na wewe ulikuwa mtu mzima mwenye dini yako na akili kunishinda. Kwa hilo nakuomba radhi. Nakuomba kwa mkono wangu mwenyewe, na herufi hizi zilizolala ovyo.

Basi nakuaga, shoga yangu. Dua zenu sizijui vizuri, nakuombea kwa hizi zangu, wewe na yule mdogo uliyekwenda naye. Ninakuahidi hivi. Amina akifika umri wa kuelewa, nitamwita nimkalishe chini, nimwambie nilichomlisha mama yake na miezi niliyonyamaza. Sitamwachia bibi yake kazi hiyo. Akitaka kukasirika, akasirike, mie nitakuwepo hapahapa uani asinitafute. Na hata asiponitaka tena, nitakuwa naye mlango kwa mlango mpaka aolewe.

Pumzika, Mwanaidi.

Mie mwenzio,
Vero