Mlango wa Vicheko

Jumamosi, jioni. Joto la Oktoba limekaza na mvua inaendelea kutupiga kalenda, kila siku ni kesho. Jasho linanitoka lakini moyo ni mweupe. Shajara yangu, leo nina jambo la kukusimulia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu si la kuomba radhi.

Leo ni siku ya ishirini na moja sijaonja pombe.

Wanaonijua wanajua mimi ni mshereheshaji wa harusi. Mdomo wangu ndio shamba langu. Nimeshika kipaza sauti kuanzia hapa Tabora mjini hadi Tura, nimewachekesha hata wakwe walionuniana. Lakini bia za ukumbini nilizianza kwa heshima nikazimaliza bila heshima, na zikiisha nilifuata wanzuki, ile pombe yetu ya asali, mtaani. Mwaka huu, kule Igalula, nilimtangaza bwana harusi kwa jina la bwana harusi wa wiki iliyotangulia. Mara tatu. Bibi harusi alilia, na si kwa furaha. Tangu siku hiyo simu yangu haiiti, na mke wangu, Mama Neema, akaanza kuninyamazia. Mama Neema akininyamazia, heri anifokee.

Jirani yetu hapa Kitete, Dada Rehema, muuguzi, ndiye aliyenidokeza kwamba kuna watu walioacha pombe hukutana kila Jumamosi saa kumi alasiri, kwenye vyumba vya nyuma ya kanisa. Ukifika unasema jina lako na hali yako, basi. Nikacheka. Mimi, niogope kuongea mbele ya watu?

Jumamosi mbili nilifika getini nikageuza. Ya kwanza nilijidai nimesahau simu. Ya pili sikujidai chochote, niliogopa tu. Watu mia tatu nawaambia wasimame wacheze na wanasimama, lakini sentensi moja kunihusu mimi mwenyewe ilinishinda.

Leo nikapita geti. Kumbe huko nyuma kuna milango miwili, yote imefungwa. Ndani ya mmoja watu wanacheka na kupiga meza. Ndani ya mwingine ni kimya, mtu anakohoa. Nikajiambia, walevi tuliotubu hatuwezi kuwa na raha ile. Hao wenye vicheko watakuwa kamati ya harusi, hizo nazijua. Nikabisha kwenye kimya.

Nilikuta watu kama kumi, sura zimekunjamana, mikono kifuani. Maskini wenzangu, nikawaza, wameteseka kuliko mimi. Nilijua nikikaa sitasimama tena, kwa hiyo sikukaa.

"Naitwa Maganga. Mimi ni mlevi. Leo nina siku ishirini na moja."

Mama aliyekuwa mwenyekiti akavua miwani.

"Karibu, mwanangu," akasema taratibu. "Ila hapa ni kamati ya harusi. Tumekwama kwenye vinywaji."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu wa nyuma akauliza, "Huyu si yule MC wa Igalula?" Nikajibu ndiyo, ndiye mimi. La kuficha lilikuwa limeshatoka. Mzee mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Nimeshapigiwa makofi mengi maishani, lakini ya leo sikujua niweke wapi mikono. Nikalia. Yule mama, wanamwita Mama Kulwa, akanishika mkono kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza, akanitoa nje, akabisha mlango wa vicheko.

Ndiyo. Hao ndio walevi.

Watu tisa, chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Mkulima mmoja (jina lake halitoki hapa, kisa amekiruhusu) alikuwa anasimulia alivyowahi kulala zizini akidhani ni chumbani kwake, akagombana na ng'ombe kuhusu shuka mpaka kukakucha. Ana miaka sita sasa hajagusa pombe. Zamu yangu ilipofika sentensi ilitoka yenyewe, maana nilishaifanyia mazoezi mlango wa jirani. Nilipowaeleza nilikoanzia, walicheka hadi chai ikamwagika. Na mimi nikacheka, bila chupa, kicheko changu mwenyewe. Nilidhani kilishakufa.

Mlango ukabishwa. Mama Kulwa akaingiza kichwa.

"Jamani, punguzeni furaha kidogo. Wenzenu tunapanga harusi."

Nilipofika nyumbani, Mama Neema alikuwa barazani anapeta mchele. Nilikuwa nimemuaga ninakokwenda. Bila kuinua macho akauliza, "Umeweza kusema?" Maneno mawili! Wiki nzima sikuwa nimepata mengi kama hayo. Nikamwambia nimesema mara mbili, nikamsimulia yote, kwa sauti za wahusika, kama kazini. Nilipofika kwa Mama Kulwa na kichwa chake mlangoni, ungo ukamponyoka, mchele ukatapakaa sakafu nzima. Akacheka mpaka akakaa chini. Neema akatoka ndani mbio kuja kuangalia kuna nini.

Tukaokota punje mojamoja, sisi watatu. Sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Kesho ni ya ishirini na mbili, na bado kuna mchele chini ya benchi la barazani.