Ng'ombe Wasiohesabiwa

Jumatatu, 6 Februari

Sijamwambia mtu: nimewapa ng'ombe wa Wamasai maji ya kioski chetu. Mama yuko Gatina kwa shangazi. Ng'ombe mmoja alikuwa analamba mfereji uliofungwa. Nilishindwa kuvumilia.

Mwenyewe ni mzee Ole Saruni. Nilipoanza kuwahesabu kwa kidole, alikikunja kidole changu taratibu. "Usihesabu. Watapungua." Kisha akaniwekea mkono kichwani. Ndivyo wanavyosalimu watoto. Salamu isiyotaka jibu. Niliipenda sana.

Jumatano, 8 Februari

Bado wako kando ya reli. Huja huku kwetu Mashimoni kiangazi kikizidi, mvua ikinyesha huenda zao. Ndama mmoja amezaliwa dhaifu, hasimami.

Mama amerudi. Majirani wamechoka na kinyesi milangoni. Mtungi wa mtu umepotea, wamelaumiwa Wamasai. Ni uonevu. Mimi husema moyoni tu.

Ijumaa, 10 Februari

Leo nimeongea mbele ya watu.

Majirani walikusanyika kioskini. Mama akamuuliza mzee ana ng'ombe wangapi, ajue kama maji yatatosha. Mzee akatikisa kichwa tu. Mama akauliza tena; akatikisa kichwa tena.

Mama Achieng', muuza samaki, akacheka. "Mzee, kwani mali yako huijui? Hizi umeiba!"

Wengine wakadakia: kesho asubuhi watoke. Nikamfikiria ndama. Angefia njiani.

"Hawahesabu," nikasema. "Wakihesabiwa watapungua."

Wote wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alinitazama, kisha akamgeukia muuza samaki. "Mama Achieng', wewe ukiulizwa uko na watoto wangapi, huwa unasema?"

Mama Achieng' akaangalia chini. "Watoto hawahesabiwi. Mungu ndiye anajua," akajibu polepole.

Hakuna aliyecheka.

"Basi watakunywa mpaka ndama asimame," Mama akasema. "Halafu mtaenda, mzee. Sawa?"

"Sawa, mama."

Alhamisi, 16 Februari

Wameondoka. Ndama alitembea akiyumba, ubavuni mwa mama yake. Mama Achieng' alisogeza meza yake ya samaki wapite.

Nilimwinamishia mzee kichwa kutoka mlangoni. Alikuwa mbali, lakini akainua mkono, kama anayeuweka juu yangu.

Walipovuka reli nilijikuta nimeanza: mmoja, wawili... Nikafumba macho.

Nimefagia mbele ya kioski. Pametulia.

Yale maji ya Jumatatu, Mama hajui mpaka leo. Tafadhali, yabaki hapa kwetu.