Masikio Yaliyostaafu Kabla ya Wakati

Nyumbani,
Jumatatu asubuhi.

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na kwamba huko kwa Kaka unapewa chai yenye sukari unayoitaka wewe, si ile anayoitaka daktari. Sisi huku hatujambo. Mkweo hajambo, kazini wanamsumbua kama kawaida naye anawasumbua kama kawaida. Mama naye hajambo, ila ameniagiza niandike kwamba hakusalimu. Amesimama nyuma ya kiti changu hivi sasa kuhakikisha nimeandika kwamba hakusalimu. Anauliza pia kama ulibeba lile sweta la kijivu, maana amesikia asubuhi za huko zina baridi.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Baba, tangu uondoke nimepiga mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja amepokea Wifi. Nikimwomba akupe simu, nakusikia kwa mbali ukimwambia aniambie kwamba masikio yako yamestaafu, yasisumbuliwe. Mara ya mwisho ulisema hivyo kabla Wifi hajataja nani amepiga. Ulinitambua kwa kasauti kanakotoka kwenye simu iliyo sikioni mwa mtu mwingine, upande wa pili wa chumba, na Kaka anasema feni ilikuwa inawaka. Halafu unasema husikii! Basi, kwa kuwa macho yako hayajatangaza kustaafu, nimeamua kuyaandikia hayo.

Jambo lenyewe ni hili. Jana jirani yetu kinyozi alikuja na futi ya kupimia. Akaingia karakanani kwako bila hodi, akapima ukuta wa dirishani, akapima na mlango, akatuambia umempa neno kupitia kwa Kaka kwamba Jumamosi akabidhiwe ufunguo. Anataka kuweka viti viwili na kioo kirefu. Pale ulipo mtungi wako wa kuchovyea chuma cha kulehemu ataweka sinki la kuoshea vichwa. Nilimtazama akipima meza niliyojifunzia kulehemu waya nikiwa nasimama juu ya kreti, nikaona maji yamenifika shingoni. Kuna neno ambalo ni lazima ulipate kabla ya Jumamosi. Nakuomba usiitupe barua hii katikati.

Nianze na kile kidude, maana ndicho kilichotufikisha hapa. Nia yangu ilikuwa njema, naomba uliamini hilo hata kama mengine hutayaamini. CD zako zilikuwa zinaisha kwa mikwaruzo. Nilikaa miezi mitatu nikizinakili moja moja, mia mbili na arobaini, mpaka mkweo akauliza kama nimeolewa na yeye au na CD. Nilitaka ukae kwenye kiti chako, ushike simu, uchague wimbo, na ile amplifaya uliyoifufua mara tatu kwa mkono wako iimbe kama zamani, ila muziki utoke kwenye kompyuta ndogo badala ya deki yako ya CD. Ulikishika kidude kiganjani, ukakipima uzito, ukauliza kama hiyo ni kompyuta au ni kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Ukasema kitu kisicho na uzito hakiwezi kuwa na besi. Nikakueleza kwamba muziki wa CD ni namba tu, na namba zilizomo humu ni zilezile. Ukanijibu kwamba hata wewe na baba mdogo mmenyonya ziwa moja, lakini anayejua kuimba ni mmoja.

Tungeishia hapo tukacheka, kama si kinyozi. Alikuja kurudisha bisibisi, akasikia ubishi, akakaa. Unamjua yule, ugomvi wa watu kwake ni kama kipindi cha redio. Ndiye aliyesema mambo yaamuliwe kwa mashindano. Basi nikawaita Mama na mkweo, nikatundika shuka mbele ya kabati la sebuleni, nikaiwasha deki na kidude kwa pamoja, wimbo mmoja, sekunde moja, nami nikakaa nyuma ya shuka mkono ukiwa kwenye kile kitufe cha amplifaya kinachozungushwa kuchagua sauti itoke mashine ipi. Mizunguko kumi. Wewe kazi yako ilikuwa kusema tu: hii ni deki, hii ni kidude. Ulifumba macho, ukaweka mikono magotini kama mtu anayepigwa picha.

Wa kwanza ulisema deki. Wa pili ukasema deki. Wa tatu ulifumbua macho, ukasema kwa upole kwamba sijabadilisha kitu. Wote waliangua kicheko. Kinyozi aliruka kwenye stuli akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ukafumba macho tena, na mizunguko yote iliyobaki ukasema deki, deki, deki. Wenzako wakati huo walikuwa wanasikia mambo makubwa. Kinyozi aliapa kwamba kidude kina besi tamu zaidi. Mama alisema kidude kinatamka maneno vizuri kuliko deki. Hata mkweo, ambaye hatofautishi ngoma na mtu anayebisha mlango, alisema kila nilipogeuza alisikia mabadiliko makubwa sana.

Kwa hesabu yangu ulikosa mara tano kati ya kumi. Hukugomba. Uliomba maji, ukanywa, ukanipongeza. Ile pongezi, Baba, bora ungenipiga kofi. Kesho yake kinyozi alikuwa ameshawasimulia wote aliowanyoa asubuhi, na kufikia saa nne watu wanapita mbele ya karakana wakikuuliza kama unawasikia. Ukaandika kibao, FUNDI AMESTAAFU. Ukamwambia Mama kwamba fundi redio asiyeweza kuyaamini masikio yake ni hatari kwa mali za watu. Jumapili ya wiki ile ukapanda basi kwenda kwa Kaka. Wewe ambaye ulisimama mlangoni kwa daktari wa meno ukamwambia feni yake haifiki Ijumaa, ikafa Alhamisi!

Utauliza kidude kinaendeleaje kwenye ufalme wake mpya. Afadhali usiulize, lakini nitakwambia. Kwanza, chaja yake ni chaja ya simu, na katika nyumba hii chaja ya simu haina mwenyewe. Mama huichomoa katikati ya wimbo akachaji simu yake, kisha ananiita niende kumtazama mgonjwa. Mara mbili kimezimwa hivyo mpaka kadi yake ya kumbukumbu ikasahau kila kitu, nikaanza upya. Pili, yeyote aliye na simu humu ndani anaweza kukiamuru. Mkweo aligundua hilo akiwa chooni. Mama yuko sebuleni anaimba ule wimbo wake wa zamani, anakaribia pale anapopapenda, ghafla wimbo unakatika, anaingia mtu anatangaza mpira kwa kupiga kelele. Siku tatu Mama aliamini spika zimeharibika akili. Siku ya nne alimsikia mkweo akishangilia bao kule ndani, na tangu hapo mkweo anajipakulia chakula mwenyewe. Tatu, kuna asubuhi kidude kinakataa kuimba hata wimbo mmoja mpaka kimalize kujisasisha, dakika ishirini nzima. Mama anasema hajawahi kuona redio inayoenda shule kila siku na bado haifaulu.

Naona ninapiga chenga, Baba. Mama naye ameliona hilo, amenigusa bega.

Naomba ukae, kama umesimama.

Hukukosa. Hukukosa hata mara moja. Kile kitufe cha amplifaya, skrubu yake ndogo ya pembeni ilikuwa imelegea. Mzunguko wa kwanza nilikiacha kilipokuwa, kwenye deki. Wa pili nilikizungusha kwenda kwenye kidude. Kikazunguka, lakini kilizunguka chenyewe, ule mti wa ndani unaobadilisha mashine haukusogea. Deki ndiyo iliyoimba tangu mwanzo hadi mwisho. Kidude hakikutoa hata noti moja siku ile. Ile besi tamu aliyoiapia kinyozi ilikuwa besi ya deki yako, na yale matamshi mazuri aliyoyasikia Mama ni ya deki yako. Wewe uliambiwa mambo yamebadilika mara tisa na hukusikia badiliko hata moja, kwa sababu halikuwepo. Watu watatu wenye masikio mazima wakasikia yote tisa.

Laiti ningekuwa naishia hapo, ingekuwa ajali, nawe ungecheka ukarudi. Haikuwa ajali, Baba. Nilijua. Sikugundua baadaye wakati wa kufuta vumbi. Nilijua palepale. Uliposema sijabadilisha kitu, nilirudisha kitufe taratibu nikasikiliza ule mlio wa tik, kwani ulinifundisha mwenyewe kwamba swichi isiyolia tik haijafanya kazi. Haukulia. Nikakitikisa, kikacheza mkononi mwangu kama jino bovu. Nilifungua mdomo niseme. Huko nje ya shuka kinyozi anaruka, mkweo anapiga makofi, Mama anafuta machozi ya kicheko, wote wananisifu mimi. Nikafunga mdomo. Mizunguko saba iliyobaki nilizungusha kitufe nikijua hakigeuzi kitu, na kila mara nikatangaza kwa sauti kavu kwamba sasa ni mashine nyingine.

Umeniuliza tangu utotoni kwa nini nakubishia kila jambo. Nakubishia kwa sababu sijawahi kukushinda. Kila waya niliyolehemu kwenye meza ile uliivuta ikachomoka. Kila redio niliyodhani nimeupata ugonjwa wake, ulikuwa umeshausikia ukiwa mlangoni unavua viatu. Kwa mara ya kwanza nilikuona umekosea mbele ya watu, na hata nilipojua hujakosea, nilitaka kubaki pale dakika moja zaidi. Nikasema nitakwambia wakiondoka. Walipoondoka nikasema kesho. Kesho ukaandika kibao, na aibu ikawa kubwa kuliko mimi. Nimekuwa nikikaa sebuleni jioni, kidude kinaimba, nami sikisikii. Nakusikia wewe ukinipongeza. Nisamehe, Baba. Nilikuibia kazi yako ili nipate kushangiliwa na kinyozi.

Jana, alipokuwa anapima, nilimwita yeye na Mama na mkweo sebuleni, nikawaonyesha kitufe kinavyozunguka bure, nikasema yote. Mkweo alisema hata yeye aliona kuna kitu hakiko sawa, tukamtazama, akaenda kujipakulia chakula. Kinyozi alijitetea kwamba alisifia besi lakini hakusema ni ya nani. Kisha akasema Jumamosi bado atakuja, ila ukiwepo mwenyewe ukamkatalia, atakunja futi yake na kuwasimulia wote atakaowanyoa, bila kutia chumvi. Mama alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Halafu aliacha kucheka, akaniambia niandike kabla chakula cha asubuhi hakijaiva, la sivyo sitakila. Ndiyo maana amesimama hapa.

Sitaki kukudanganya tena, kwa hiyo nimalizie na hili. Sijui kama kweli ungeweza kutofautisha deki na kidude. Namba ni zilezile, na mimi bado naamini ungeshindwa. Lakini hilo hatujalipima, na hatutalipima mpaka mwenye masikio arudi. Kitufe sijakikaza. Nimekiacha kama kilivyo, ukikague kwa mkono wako, usitegemee neno langu tu. Kibao chako nimekishusha, na nikiri nimefanya hivyo bila ruhusa. Redio kumi na nne za watu ziko kwenye rafu, na yule mwalimu mstaafu amegoma kuichukua yake, anasema itasubiri fundi.

Panda basi la Alhamisi. Kama huwezi kunisamehe, njoo tu unigombeze. Ila unigombezee hapa, karakanani, mlango ukiwa wazi, ili kinyozi asikie kila neno.

Nisalimie Kaka, na umwambie Wifi nimemshukuru kwa kupokea simu kumi na moja bila kuchoka. Wasalimie wote wanaokuuliza habari zetu, waambie tuko salama kuliko tunavyostahili. Mama sasa anasema niandike kwamba anakusalimu, lakini kidogo.

Ni mimi binti yako, ambaye mpaka leo hajakushinda hata mara moja.