Picha Iliyobandikwa Kichwa Chini

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumatatu, 12 Mei.

Mpendwa mume wangu,

Nakusalimu kwanza, ndipo nianze ugomvi. U hali gani huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa kila ukiingia kwenye vyumba vyao vya baridi? Unakula ukiwa umekaa, au bado unakula umesimama kama ulivyokuwa ukifanya hapa jikoni kwetu? Nijibu hayo kabla ya mengine yote, na usinidanganye, maana hata kwenye picha naona kola imekulegea shingoni.

Sisi hatujambo. Baba yako mgongo umetulia tangu aache kubeba matairi mwenyewe. Mama yako anapiga kelele nyumba nzima, na ukimsikia hivyo ujue ni mzima. Dada yako na kichanga chake wanaendelea vizuri. Mtoto amejaa mashavu mpaka macho yanapotea. Mimi miguu inauma asubuhi, ikifika mchana inasahau.

Najua umeshangaa kuona mwandiko huu. Umezoea barua za nyumbani kuandikwa na mkwe wangu, bibi yako mzaa mama, kwa zile herufi zake za kufundishia watoto wa chekechea, zimenyooka utadhani zimepigwa rula. Si bure mtaa mzima unamwita Bibi Mwalimu. Mimi niliyepiga pasi mashuka ya hospitali mpaka nikastaafu, mwandiko wangu ndio huu, unapanda na kushuka. Uuvumilie. Kwa nini safari hii nakuandikia mimi, utajua ukisoma mpaka chini.

Sasa ugomvi. Ulipopata ile kazi ya kufunga lifti na kuanza kuzunguka miji ya watu, uliahidi kwamba kila mji utatuletea nyumbani. Nikafurahi. Kumbe nyumbani maana yake ni kwa Bibi Mwalimu. Bahasha ya kwanza ilikuja kwa jina lake. Ya pili vilevile. Tiketi za treni, ramani za kukunja, vipakiti vya sukari vya hotelini, picha zako umesimama mbele ya majengo yasiyo na mwisho, vyote vikavuka barabara na kupanda ngazi mpaka vyumbani kwake, pale juu ya duka la mkata vioo. Mleta barua ananikuta barazani, ananisalimia kwa adabu zote, bahasha yako iko mkononi mwake, kisha ananipita. Unajua inavyouma?

Na kazi anaijua, siwezi kusema uongo. Kila mji ameupa ukurasa wake katika kile kitabu kikubwa cha safari zako. Ramani anaikata kwa mkasi wa meno, anaitandika chini ya picha kama zulia. Vipakiti vya sukari anavikunja vinakuwa madirisha ya ghorofa. Tiketi anaichanachana ncha kidogo, ionekane kweli imesafiri. Kila mgeni anayepanda kwake lazima aoneshwe kitabu, na kila anayeshuka lazima anipitie mimi kunihadithia alichokiona. Wanasema mjukuu wa Bibi Mwalimu amefika mbali. Mjukuu wa Bibi Mwalimu, kana kwamba baba yako tulimwokota.

Nikavumilia mpaka dada yako alipojifungua. Mimi nilifuma blanketi la rangi ya maziwa, vidole vikafa ganzi. Yeye akaja na kadi ya kutengeneza kwa mkono wake: ukiifungua, kitanda kidogo cha karatasi kinainuka, na ndani yake kuna mtoto aliyefunikwa kwa kipande cha leso. Kadi ilizunguka chumba kizima, mkono kwa mkono, watu wanaifungua na kuifunga kama watoto. Blanketi langu mtu alilikalia.

Siku hiyo roho ilinichoma kweli. Kesho yake nikaenda kwa muuza madaftari, nikamwambia anipe kila anachompa Bibi Mwalimu. Akanipa manila za rangi, gundi na mkasi. Kisha nikajikaza, nikapanda zile ngazi, nikamwomba mkwe wangu tiketi yako moja tu, nami nianze ukurasa wangu. Akanipa bila maneno, tena akanichagulia nzuri.

Ilikuwa na mikunjo, na kama kuna kitu ninachokijua hapa duniani ni kuondoa mikunjo. Nikaifunika kitambaa, nikapitisha pasi ya uvuguvugu. Kumbe hizi karatasi za mashine hazitaki moto. Nilipofunua, tiketi yako ilikuwa nyeusi tii kama tako la sufuria. Nikaitupa na sikumwambia mtu.

Kadi nazo, usiniulize. Siku ya kuzaliwa ya mama yako nilimtengenezea yenye ua. Akaitazama, akaigeuza, akasema ahsante sana mama, feni imependeza.

Basi mwezi uliopita ikaja bahasha ya ule mji wenye daraja. Siku chache baadaye nikapanda kwenda kuona ukurasa, nikijifanya nimepita tu. Bibi Mwalimu alikuwa jikoni anachemsha chai. Nikafungua kitabu. Mume wangu, nilikukuta umebandikwa kichwa chini. Miguu juu, kofia chini, daraja limening'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na pembeni urembo wote umekaa sawasawa kama kawaida yake. Nikafunga kitabu taratibu. Ile chai yake niliinywa kwa raha ambayo sijaipata siku nyingi.

Sikumwambia kitu. Unajua Jumapili wote tunakula hapa kwetu, na baada ya chakula ndipo kitabu huletwa mezani. Nilitaka kila mtu aone kwa wakati mmoja. Ndivyo nilivyokuwa, sikufichi.

Jumamosi mchana nikapanda tena, nihakikishe hajarekebisha. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa dirishani, palipo na mwanga mkali kabisa, ameshika picha yako nyingine imekaribia kugusa pua, anapapasa pembe zake kwa kidole gumba. Nilisimama mlangoni, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa bega, jua limenipiga usoni. Akainua kichwa, akanitazama, akatabasamu.

"Karibu mama, afadhali umekuja," akasema. "Hebu niangalizie hapa. Mjukuu wangu amevaa kofia au hizi ni nywele?"

Alidhani mimi ni mke wa mkata vioo.

Tumejuana na mwanamke yule tangu watoto wetu walipooana, tumenuniana na kupatana mara zisizo na idadi, na alikuwa ananitazama machoni asinijue. Nikasema, "Ni mimi." Mikono yake ikasimama palepale. Kisha akaiweka picha mezani, lakini kwanza aliitafuta meza kwa kiganja.

Akaniambia kila kitu, sauti yake kavu, kama anayesoma taarifa ya mtu mwingine. Ilianza kama ukungu kwenye jicho moja, kisha la pili. Barua zako alikuwa anasomewa na mke wa mkata vioo, baada ya kumwapisha asiseme. Za kukujibu aliandika kwa mazoea ya mkono tu, mpaka mistari ilipoanza kupandana, akaacha. Mama yako hajui.

"Akijua, kesho yake vitu vyangu viko kwenye kile chumba chenu cha nyuma," akasema, "na hizi ngazi sitazipanda tena. Mimi nimezeekea kwenye dirisha hili. Utamwambia?"

Nikashuka zile ngazi. Nilipofika barabarani nikakumbuka kwamba kile chumba cha nyuma ni ukuta mmoja na changu, nikachanganyikiwa.

Jumapili ikafika. Bibi Mwalimu aliletwa na mama yako, amemshika mkono kama kawaida, kwa heshima tu ya uzee, hajui anachokishika. Tulipomaliza kula, mkwe wangu akasema kitabu kipumzike leo, gundi haijakauka. Mama yako akacheka, akakitoa mkobani mwenyewe. Kurasa zikafunguliwa moja baada ya nyingine. Bibi Mwalimu amekaa wima, mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza kwangu. Hanioni, lakini anajua nilipokaa.

Wakafika kwenye daraja. Mama yako akakunja uso. Akakigeuza kitabu, akakigeuza tena.

"Mama, hii vipi? Mbona mtoto yuko kichwa chini?"

Neno nilikuwa nalo mdomoni, nimelitunza wiki nzima. Nikamtazama mkwe wangu. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka, kidogo sana, na mimi sijawahi kuona kitu chochote kikitetemeka kwa mwanamke yule.

Nikasema, "Huo nimebandika mimi. Nilimwomba aniachie ukurasa mmoja nijaribu."

Wakaamini papo hapo, na hilo ndilo lililoniuma. Hakuna hata mmoja aliyesema haiwezekani, mama ana akili zake. Baba yako, mwanangu wa kumzaa, alicheka mpaka akajifuta machozi. Dada yako akawakumbusha feni, wakaanza upya. Nilicheka nao, uso umenishuka, nikajikaza kisabuni.

Jioni nilimvusha barabara mimi mwenyewe kumrudisha kwake. Katikati ya ngazi akasimama, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia sijui, na asinishukuru, maana sitasema uongo wa pili. Amwambie binti yake kwa mdomo wake, na twende kwa daktari wa macho. Hakuutoa mkono wake mkononi mwangu mpaka tulipofika juu.

Alimwambia katikati ya wiki. Mama yako alilia, kisha akafoka, kisha akalia tena, halafu akavaa viatu wakaenda kliniki. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, kwenye macho yote mawili, na anatolewa. La kwanza litafanyiwa operesheni mwisho wa mwezi ujao. Vyumba vyake anabaki navyo. Mama yako ameridhika kwa sharti moja, kwamba kila siku mtu apande kumwangalia. Mtu huyo wameamua ni mimi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Kwa hiyo kila baada ya chakula cha mchana napanda, namwambia picha zina nini, naye ananiambia nibandike wapi. Usifikiri ni kazi ya raha. Juzi aliniuliza mbingu ina rangi gani. Nikasema bluu. Akasema bluu ya namna gani. Nikasema bluu tu. Akasema bluu tu haipo duniani, niende dirishani nikaangalie vizuri picha yake. Nikaenda. Na kweli haikuwa bluu tu, ilikuwa na umanjano kwa chini, karibu na mapaa. Sikupenda kumwambia lakini nilimwambia.

Kurasa mbili za mwisho zimekatwa na kubandikwa kwa mikono yangu. Walikuja wageni, wakaziona, wakasema Bibi Mwalimu kweli hajazeeka. Yeye akawaambia ni kazi ya mkwe wake. Wakacheka, wakadhani ni utani. Kwa hiyo wivu wangu uko palepale, ila sasa una kazi ya kufanya.

Barua hii alitaka aniambie maneno nami niandike tu. Nikakataa. Zake alishaandika za kutosha. Nimemwambia nitakupa salamu zake, na ndizo hizo: anasema upande ngazi za majengo yako polepole, na uandike nyuma ya kila picha kwa herufi kubwa ni wapi na ni nani.

Tena afadhali amelisema hilo, maana nina jambo ambalo ni langu na wewe peke yetu. Kwenye bahasha ya juzi mna picha umesimama mbele ya jengo jeupe. Aliniuliza ina nini. Nikamwambia kofia, nikamwambia ngazi, mawingu yalivyokaa, hata viatu vyako vinavyohitaji rangi. Sikumwambia kuhusu msichana mwenye skafu ya kijani aliyekushika mkono. Aliponiuliza kando yako kuna nini, nikasema nguzo.

Akauliza nguzo ya namna gani. Nikasema nyembamba.

Tumeibandika ukurasa wa kulia, safari hii kichwa juu, na mkwe wangu ameizungushia urembo mzuri kuliko wote. Sasa nisikilize. Siku jicho lile litakapofunguliwa, ataomba kitabu kabla hata hajaomba maji, na nguzo hiyo ataiona kabla ya uso wangu. Mimi nataka niwe nimejua kabla yake. Anaitwa nani? Kwao ni watu gani? Anajua kuwa huku nyumbani una mke? Niandikie upesi, na juu ya bahasha uandike jina langu, kwa herufi kubwa, mleta barua asije akavuka nayo barabara.

Baba yako, mama yako, dada yako na yule mdogo wake wa mashavu, wote wanakusalimu sana. Msalimie na wewe mwenzako wa kazi anayekupiga picha, umwambie asikukate miguu. Mungu akulinde unapopanda na unapoteremka ndani ya hizo lifti, na akurudishe ukiwa umenenepa kidogo.

Ni mimi nikupendaye na kukuonea wivu,
Mkeo mkubwa,
Bibi yako mzaa baba.