Zamu ya Kuvaa Lulu

Shangazi Zuhura, shikamoo nyingi kutoka kwenye baridi ya Toronto.

Jirani wa kaka Hamisi, bibi kutoka Tahiti, amelazwa. Katuachia lulu nyeusi ambayo marehemu mumewe aliilea ndani ya chaza, tena katuapisha tusiifungie: kwao, anasema, lulu isiyovaliwa hununa na kupauka, inataka jasho la mtu. Basi tumepanga zamu. Leo kaka, na ndevu zake zile, kaenda nayo kiwandani, kanyoosha shingo kama bi harusi. Jana ilikuwa zamu yangu, nikaipeleka hospitali. Bibi akaikagua, akacheka: "Mbona imenenepa kuliko mimi!"

Shangazi, ule mkufu ulioufungia kabatini tangu ufiwe, uvae. Hata ukienda kununua dagaa.

Mwanao,
Rehema